Nyumba za Waandishi na Matini Zao: Salme binti Said na Tippu Tip katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Ikisiri

Makala hii inahakiki uhusiano wa nyumba na matini katika tawasifu mbili zilizotokana na Unguja ya karne ya 19 na kuchapishwa Berlin: ile ya Salme binti Said (1886), iliyoandikwa kwa Kijerumani, na ile ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip (1902–1903), iliyoandikwa kwa Kiswahili. Makasri ya Salme yamebomoka au yamebadilika sura, ilhali kitabu chake kimejaa nyumba. Nyumba ya Tippu Tip ingali imesimama Shangani, ilhali kitabu chake kimejaa safari. Inajengwa hoja kwamba majina ya makasri na mgawanyo wa lugha ndani yake vinampa Salme nafasi katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, na kwamba nafasi hiyo haiwezi kutolewa bila kusoma pia anachosema kuhusu utumwa.

Utangulizi

Nchini Tanzania nyumba huhifadhiwa kwa sababu ya yaliyotendeka ndani yake. Ni nadra kuhifadhiwa kwa sababu ya yaliyoandikwa. Jengo la Kaloleni jijini Arusha, ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, ni mojawapo ya mifano michache ambamo matini ndiyo iliyolipa jengo thamani yake. Hapo ndipo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Januari 1967. Lakini hata Azimio lenyewe husimuliwa zaidi kama tukio la kisiasa kuliko kama maandishi yenye mtindo, msamiati na mpangilio wa hoja unaoweza kuhakikiwa. Tatizo hili linajitokeza kwa ukali zaidi pale nyumba inapokuwa ya mwandishi, kwa kuwa hapo swali haliwi tena nani alikutana na nani, bali nyumba ilimpa mwandishi nini, na mwandishi aliirudishia nini.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, unatoa mifano miwili ya kulinganisha. Wa kwanza ni makasri aliyolelewa Salme binti Said, binti wa Seyyid Said bin Sultan, ambaye baadaye alijulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Wa pili ni nyumba ya Tippu Tip, Shangani. Waandishi hawa wawili hawakaribiani kwa jinsia, kwa cheo wala kwa lugha ya maandishi. Wanachoshiriki ni mji mmoja, biashara moja iliyoulisha mji huo, na ukweli kwamba vitabu vyao vyote viwili vilitolewa kwanza katika jiji moja la mbali.

Kasri linaloonyeshwa na kasri linalosimuliwa

Salme alizaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Alipokuwa na umri wa takriban miaka saba alihamishiwa Bet il Watoro, nyumba ya kaka yake Majid, na baadaye akaishi Bet il Tani, iliyounganishwa na Bet il Sahel kwa daraja. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa mwaka 1867. Miaka mitatu baadaye mumewe alifariki katika ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwacha na watoto watatu. Kitabu chake, Memoiren einer arabischen Prinzessin, kilitoka mwaka 1886 katika juzuu mbili. Katika dibaji anaeleza kuwa alikianza miaka tisa kabla kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua mengi kuhusu asili ya mama yao.

Mgeni anayetaka kuona nyumba ya mwandishi huyu hupelekwa kwenye Makumbusho ya Kasri, barabara ya Mizingani, ambako kuna chumba kilichotengwa kwa ajili yake. Chumba hicho kina manufaa yake. Hata hivyo, jengo linalokibeba si lile alilolijua. Bet il Sahel ya Seyyid Said ilipigwa mizinga na manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikudumu hata saa moja, na kasri linaloonekana leo kwa sura yake ya sasa ni zao la ujenzi uliofanyika baada ya Salme kuondoka. Bet il Mtoni ni maghofu. Beit al-Ajaib, ambayo watalii wengi huichanganya na makazi yake, ilijengwa na Barghash mwaka 1883, miaka kumi na saba baada ya kutoroka kwake, nayo iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020.

Hivyo basi, katika hali hii uhusiano uliozoeleka umepinduka. Kwa kawaida nyumba husaidia kuelewa kitabu. Hapa kitabu ndicho kinachotumika kuijenga nyumba upya. Ua wa Bet il Mtoni wenye tausi, bata na swala, mnara wa mbao alikokuwa akitembea baba yake akiwa ameinamisha kichwa, hamamu, na wakazi anaowakadiria kuwa elfu moja, yote hayo yanapatikana katika kurasa zake kuliko penginepo. Wanahistoria wa usanifu humnukuu kama shahidi. Ni haki yao. Mhakiki wa fasihi, kwa upande wake, hapaswi kusahau kwamba shahidi huyu aliandika akiwa mjane uhamishoni, zaidi ya miaka kumi baada ya kuondoka, kwa lugha aliyojifunza ukubwani, na kwamba nyumba anayoijenga ni hoja pia: ni jibu kwa Wajerumani waliodhani wanajua maisha ya wanawake wa Mashariki.

Majina ya nyumba kama ushahidi wa lugha

Kipengele ambacho uhakiki umekipita haraka mno ni majina yenyewe. Salme anayaandika hivi: Bet il Mtoni, Bet il Watoro, Bet il Sahel, Bet il Tani, Bet il Ras. Yote yanafuata muundo wa Kiarabu: nomino bet, kibainishi il, kisha nomino ya pili. Katika Kiswahili muundo huo ungedai kihusishi cha a-unganifu, yaani nyumba ya mtoni, nyumba ya watoro. Lakini angalia kinachowekwa baada ya kibainishi. Mtoni ni mto pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Watoro ni nomino ya ngeli ya a-/wa- iliyobeba kiambishi chake cha wingi, wa-, bila kuguswa. Kiarabu kimetoa fremu, na Kiswahili kimetoa maana pamoja na mofolojia yake.

Inawezekana kupinga kwamba Mtoni lilikuwa tayari jina la mahali, na kwa hiyo kibainishi kiliwekwa mbele ya jina la mahali kama ambavyo kingewekwa mbele ya jina lolote. Pingamizi hilo lina nguvu kwa Mtoni, lakini halifiki kwa Watoro. Hakuna mahali pa kuitwa Watoro kabla ya watu kuitwa hivyo. Aliyeunda jina hilo, au waliolizoea hadi likaganda, walikuwa wakifikiri kwa lugha mbili katika kirai kimoja. Hata majina matatu yaliyobaki, ambayo kwa asili ni ya Kiarabu kikamilifu, hayako mbali na Kiswahili: ras ni rasi, na sahel ni neno lilelile ambalo wingi wake ulizaa jina la lugha yenyewe.

Umbo bet linastahili tahadhari. Mtu anaweza kuvutiwa kuliona kama ukopaji uliopita katika fonolojia ya Kiswahili, ambamo irabu unganifu ay ya Kiarabu hugeuka kuwa e, kama katika heri, au katika beti na ubeti, maneno ya utunzi wa mashairi yanayotokana na bayt ileile yenye maana ya nyumba. Lakini mabadiliko hayo hutokea pia katika lahaja kadhaa za Kiarabu, na tahajia tuliyo nayo imepita kwanza katika sikio la Salme na kisha katika alfabeti ya Kijerumani. Ushahidi wa mofolojia unatosha. Wa fonolojia uachwe mahali pake.

Umuhimu wa haya kwa usomaji wa kitabu ni wa moja kwa moja. Salme anaeleza kwamba mbele ya baba yake ilikubalika kuzungumzwa Kiarabu tu, lakini mara alipogeuza mgongo zilizuka lugha nyingi kwa wakati mmoja: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi, Kihabeshi. Maelezo hayo hunukuliwa mara kwa mara kama picha ya kupendeza ya kasri la mataifa mengi. Yakisomwa sambamba na majina ya nyumba, yanabadilika. Kiswahili kinaorodheshwa kama lugha mojawapo ya nyuma ya mgongo wa Sultani, ilhali nyumba aliyokuwa akiishi Sultani mwenyewe ilikuwa na -ni mwishoni mwa jina lake. Amri ya Kiarabu ilikuwa amri ya adabu. Haikuwa na uwezo juu ya namna wakazi walivyopaita mahali pao.

Ua na ghorofa

Mgawanyo wa lugha unaenda pamoja na mgawanyo wa nafasi. Katika sura inayohusu Bet il Sahel, msimulizi anashuka kutoka baraza za juu hadi uani: mifugo inachinjwa na kuchunwa, watumwa wananyolewa, wachukuzi wa maji wamejinyoosha, wapishi wanazozana, yaya wanawasimulia watoto hadithi. Ni mojawapo ya kurasa zilizo hai zaidi katika kitabu kizima, na hakuna ubishi kwamba mwandishi anaufurahia ua huo. Tofauti na Bet il Mtoni, ambako huzuni inatawala, hapa kuna mwanga, bahari na kelele.

Kelele hizo, hata hivyo, hazina maneno. Wanawake wa ghorofani wana majina, nasaba, wivu na mazungumzo. Watu wa uani wana kazi. Hadithi zinazosimuliwa na yaya zinatajwa katika mandhari hayo, lakini kitabu hakisimami kuzisikiliza. Kwa msomaji wa fasihi simulizi hii ni hasara kubwa: uani hapo ndipo Kiswahili kilipokuwa kikiumba sanaa yake ya maneno, na shahidi pekee aliyekuwa na kalamu alikuwa akitazama kutoka juu. Hata vyeo vya damu vinavyomuumiza Salme mwenyewe ni vya ghorofani. Watoto wa masuria wa Kicherkesi waliitwa paka na ndugu zao wa mama wa Kihabeshi kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Anakumbuka kejeli hiyo kwa undani wote wa utotoni.

Mfupa wa ngamia

Nyumba hizi zilimfundisha Salme kusoma lakini hazikumfundisha kuandika. Wasichana walisomeshwa Kurani. Kuandika kulihesabiwa kuwa si kwao. Anasimulia jinsi alivyojifunza kwa siri kwa kunakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, uliotumika badala ya ubao. Hili ndilo tukio muhimu kuliko yote katika tawasifu yake kama tawasifu ya mwandishi, na ni jambo la kushangaza kwamba masimulizi maarufu kumhusu huliacha nyuma ya kisa cha mapenzi.

Matokeo yake hayakuchelewa. Mwaka 1859, Barghash alipopanga njama dhidi ya Majid, Salme, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, alifanywa karani wa wala njama kwa sababu alikuwa na ujuzi ambao wenzake hawakuwa nao. Njama ilivunjwa kwa msaada wa Waingereza na Barghash akapelekwa Bombay. Salme anaandika juu ya jambo hili kwa majuto, kwa kuwa Majid alikuwa amemtendea wema. Yafaa kuzingatia kwamba katika maisha yake kalamu ilianza kama siri, ikawa silaha ya kisiasa mikononi mwa kaka, na miaka ishirini na saba baadaye ikawa kitabu. Kutoroka kwa 1866 kunakaa katikati ya mstari huo. Chumba cha makumbusho au kijitabu cha watalii kinachoanza na dirisha na jirani wa Kijerumani kinaanza hadithi katikati, na kinamgeuza mwandishi kuwa mhusika katika riwaya ya watu wengine.

Mlango wa Shangani

Hali ya Tippu Tip ni kinyume. Nyumba yake ingali Shangani, na mlango wake wa nakshi ni miongoni mwa inayopigwa picha mno katika Mji Mkongwe. Ndani yake wameishi watu wa kawaida na familia zao. Anayesimama mbele ya mlango huo huelezwa kuhusu pembe za ndovu, Kongo, Stanley na watumwa. Ni mara chache kuelezwa kwamba hapa aliishi mwandishi wa mojawapo ya tawasifu za kwanza kabisa za nathari ya Kiswahili.

Baada ya kurejea Unguja kutoka Kongo, na kabla ya kufariki mwaka 1905, Tippu Tip aliandika maisha yake kwa hati ya Kiarabu kwa ombi la Heinrich Brode, ambaye aliyahamishia katika hati ya Kirumi, akayatafsiri kwa Kijerumani na kuyatoa katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin. W. H. Whiteley aliyatoa tena baadaye pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na toleo hilo ndilo lililoyaingiza katika vyuo vya Afrika Mashariki. Kitabu hakianzi na nyumba wala mama wala ua. Kinaanza na safari za biashara za ujana, na kwa sehemu kubwa hakitoki njiani: mizigo, mikopo, masharti ya wenye mali, vita, mashauri na watawala, mazungumzo mafupi makavu. Unguja ni mahali pa kukopea na kulipia.

Usomaji wa sambamba unaibua jambo lisiloonekana katika kila kitabu peke yake. Salme anatetea utumwa. Tippu Tip hautetei, kwa sababu kwa sehemu kubwa haoni shitaka la kujibu. Utetezi ni tabia ya mtu anayejua kwamba msomaji wake anapinga. Salme aliandika kwa Wajerumani baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Zanzibar na kabla ya amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Kila sentensi yake juu ya suala hili ina mpinzani ndani yake. Tippu Tip aliandika baada ya amri hiyo lakini kwa lugha ya jamii iliyokuwa bado inakumbuka mpango wa zamani kama jambo la kawaida, na ukimya wake una uzito kuliko utetezi wa mwenzake.

Utumwa na nafasi ya Salme katika fasihi ya Kiswahili

Wapo watakaosema kwamba kitabu cha Kijerumani hakina nafasi katika fasihi ya Kiswahili. Kigezo cha lugha ni kigezo cha heshima, na makala hii haidai kwamba Salme aliandika fasihi ya Kiswahili. Inadai kwamba fasihi hiyo haiwezi kuhakiki nathari yake ya awali bila yeye, kwa kuwa ndiye anayeeleza kutoka ndani nyumba ambamo Kiswahili kilisukumwa uani na wakati huohuo kikaandikwa katika majina. Riwaya za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, zimekwisha kuwazoeza wahakiki kuisoma Zanzibar kupitia lugha ya kigeni bila kuona haya.

Nafasi hiyo ina sharti. Sura yake kuhusu utumwa inadai kwamba utumwa wa Mashariki haufanani na ule wa Marekani, inalaumu haraka ya Wazungu katika kuukomesha, na inawazungumzia Waafrika weusi kama watu wasiofanya kazi bila kulazimishwa. Hoja hizo haziwezi kuwekwa pembeni kama mawazo ya enzi zake. Zimo katika muundo wa kitabu kizima, katika ule ua wenye kelele zisizo na maneno. Mjini Hamburg, alikoishi na alikozikwa, uwanja mmoja ulipewa jina lake mwaka 2019, na haukupita muda mrefu kabla ya jina hilo kupingwa na kuamuliwa libadilishwe kwa sababu ya maandishi hayo. Walioamua hivyo angalau walikuwa wamekisoma kitabu. Kumtukuza kwa sababu ya mapenzi yake, bila kumsoma, ni dharau kubwa zaidi kwa mwandishi, na ni dharau pia kwa watu wa uani.

Kwa msingi huo, maelezo ya makumbusho yanaweza kubadilishwa bila gharama ya kujenga ukuta hata mmoja. Chumba cha Salme kinaweza kuanza na mfupa wa bega la ngamia. Kinaweza kueleza kwamba jengo si lile alilolijua, na kuweka ukurasa wa ua wa Bet il Sahel karibu na ukurasa wa sura ya utumwa, kwa Kiswahili, ili mwanafunzi wa sekondari asome yote mawili akiwa amesimama. Huko Shangani, kibao chenye jina la kitabu cha Tippu Tip na mwaka wa kuchapishwa kwake kingetosha kwa kuanzia.

Majina nayo yameendelea na safari yake bila kusubiri wahifadhi. Katika matumizi ya leo, kasri la kwanza la Seyyid Said limepoteza bet na il; watu wa Unguja husema Mtoni tu, na kiambishi cha mahali kimebaki peke yake kikifanya kazi iliyokuwa imegawanywa kati ya lugha mbili. Kaskazini kidogo ya hapo, Beit-el-Ras limefanya kinyume: kasri halipo, lakini maneno yote matatu ya Kiarabu yamegandamana kuwa jina moja la mtaa wenye chuo, na wanafunzi hupanda daladala kwenda huko kila siku.